Kidole Hewani

Jumamosi, saa moja asubuhi, dakika kumi na mbili:
ndiyo nafasi aliyopewa Maimu Raudsaar
katika redio ya Tartu, baada ya bei za nguruwe,
kabla ya salamu za wagonjwa.
Mimi nilikuwa fundi mitambo.
Kwangu ndege alikuwa ndege, basi,
mharibifu wa rekodi.

Siku ya kwanza alinibebesha mashine ya kilo tisa
tukapita juu ya mbao nyembamba, kinamasini,
maji meusi kama chai iliyosahauliwa yakinusa viatu vyetu.
"Washa," akasema. Nikawasha.
Akanyamaza.
Dakika nne nzima alinyamaza.
Nikampungia mkono: hakuna kitu humu!
Akaandika kiganjani kwa kalamu, akanionyesha:
Kipo. Ngoja.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, si profesa wa chochote.
Alisema na nchi nzima kama jirani anayeazima chumvi:
"Wenzangu, jana nimemkuta bundi bafuni kwa mjomba."
Barua zikaja. Vifurushi vikaja:
popo mkavu ndani ya kiberiti,
jiwe la mviringo ambalo mtoto wa Võru aliapa ni yai la tai
(akajibiwa kwa heshima zote),
na unyoya kutoka gerezani, bila jina la mtumaji.

"Ni wa kunguru," akasema hewani.
"Lakini ukiokota mwingine, ugeuze kwenye mwanga.
Mna zambarau ndani yake."
Kisha akatulia,
muda wa mtu kugeuza unyoya.

Kuna wiki alikosea, akatubu mbele ya wote:
"Niliwaambia ni shore. Si shore.
Dereva wa trekta wa Paide amenisahihisha, na haki ni yake."
Mkurugenzi alikunja uso.
Barua za wiki ile zilihitaji gunia la pili.

Na Aprili, usiku wa mvua ya kwanza ya vuguvugu,
alitaja barabara moja tu, na neno moja: ndoo.
Tulikuta watu sitini wakivusha vyura,
muuza nyama, wasichana wa kwaya,
na polisi aliyekuja kututawanya
akiwa na chura ndani ya kofia.

Mwaka wa ishirini na sita, chini ya misonobari,
Maimu alisema, "Leo kimya."
Nami masikioni mwangu kumejaa!
Yule kijindege mwenye utepe wa manjano utosini,
uzito wake sarafu moja,
anashona hewa kwa uzi mwembamba, anashona, anashona.
Sikujua mtu huambiwaje jambo hilo.
Nikainua kidole kimoja.

Alikitazama kidole. Akautazama mti. Akanitazama.
"Tangu lini?"
"Tangu tulipofika."
Akaketi kwenye gogo, akafungua mkate wake wa samaki,
akaumega, nusu akanipa. Tulikula.
Halafu akaisogelea maikrofoni:
"Wenzangu, juu yangu anaimba ndege nisiyemsikia tena.
Fundi wangu anamsikia.
Kama hata wewe husikii, muulize mtoto aliye karibu."

Wiki iliyofuata waliandika watu wa Narva, wa visiwani, wa kila kona:
mwanangu ameinua kidole, nami nimebaki na kijiko mkononi.

Miaka saba zaidi tulifanya kazi hivyo,
yeye akisema, mimi nikiinua kidole,
mimi, niliyemwita kila kitu ndege.

Amezikwa Machi; theluji ilitufika magotini.
Kanda zake ziko kwangu, sandarusi kumi na moja,
nyingi zikiwa na ukimya ambao ofisini waliniomba niukate,
nami sikuukata.

Asubuhi hii nilikuwa uani nakwangua gari barafu.
Kulikuwa kimya, nilidhani.
Mjukuu wangu Eneli, glavu moja imempotea,
amesimama chini ya msonobari wa jirani,
kidole chekundu kwa baridi, kimeelekezwa juu.

Nikaweka chini kikwanguo.
"Tangu lini?" nikamuuliza.